Tundu la Tatu

Jumapili, 27 Julai 2025

Nimefika Runyenjes salama lakini moyo haujafika. Hedi ya Hilux ya Mzee Kaimenyi, kile kichwa cha injini, iko hapa mezani kwangu juu ya gunia, na hakuna aliyenilazimisha kuibeba. Mimi na mdomo wangu.

Nilienda Laare kumwona Ntinyari kwao. Mara ya pili tu, na baba yake, ndiye Mzee Kaimenyi, bado ananiangalia kama mtu wa kuuza bima. Hataki binti yake aolewe Embu. Hajatamka hivyo, lakini chakulani alisema sisi wa Embu tunatafuna muguka, majani matupu, kama mbuzi, na mtu wa miraa atakaa vipi na mtu wa muguka. Watu wote walicheka. Mimi pia nikacheka. Sijawahi kutafuna muguka maishani.

Kilichoniokoa ni Starlet yangu. Mzee aliisikia ikipanda ule mlima kutoka Maua bila kulalamika, akatoka nje kuipokea — gari, si mimi. Akauliza injini imefanywa nini. Nikamwambia nilifungua hedi nikapanua njia za hewa na kuzilainisha mwenyewe, hapa nyumbani, kwa tupa na msasa. Kisha akasema Hilux yake imelala, gasketi ya hedi imechomeka na fundi ameshaifungua. Na hata ikiwa nzima, ikibeba miraa inapanda mlima ikilia. Akaanza kuuliza kama naweza kuifanyia vile.

Nikasema naweza. Hakuwa hata amemaliza kuuliza!

Wakati wa kunisindikiza akaniita muthoni. Mkwe. Mbele ya watu. Na wazee wetu wakapewa siku ya kwenda Laare: Jumamosi tarehe ishirini na tatu Agosti. Ntinyari ameniambia baba yake hajawahi kuita mtu hivyo. Akaongeza, "Usiharibu, Gachoki." Alikuwa anacheka. Nadhani alikuwa anacheka.

Jumatatu, 28 Julai 2025

Nimetoka ofisini mapema nikaiosha hedi kwa mafuta ya taa. Ni aluminiamu, laini kuliko ile ya Starlet. Au ni woga wangu.

Kazi yenyewe si uchawi. Kila silinda ina tundu la kuingiza hewa na petroli, na lingine la kutoa moshi. Kiwandani huyaacha na vijivimbe na mikwaruzo. Ukivitoa, hewa inapita bila kugombana na kitu, injini inapumua. Shida ni moja. Nyuma ya ukuta wa kila tundu kuna maji ya kupoza injini, na unene wa ukuta huo hauuoni. Utaujua siku utakapouvuka.

Sina mashine za wale Wazungu wa kwenye video. Nina tupa mbili za mviringo, drili ya kawaida, na ufito wa kuchomelea niliopasua kichwa ili ushike kipande cha msasa. Ntinyari ameniletea chaki za shule anayofundisha hapa Runyenjes. Tupa ukiipaka chaki, aluminiamu haigandi kwenye meno. Alikaa hapo mlangoni akinitazama nikifanya tundu la kwanza. Akasema nikifanya kazi natoa ulimi nje.

Jumatano, 30 Julai 2025

Tundu la kwanza na la pili tayari. Kidole kikipita ndani hakikwami popote. Leo kwa mara ya kwanza nimefurahi kidogo.

Mama amepiga simu kutoka Kibugu. Amewaambia watu wote wa kituo cha majani chai kwamba mtoto wake anaoa Meru na kwamba baba wa msichana amemkabidhi gari. Ati gari. Nimemwambia ni hedi tu, mama, kichwa cha injini. Akasema, "Si kichwa ndicho kinabeba vingine?"

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Shule zimefungwa. Ntinyari ameenda Laare kwa likizo. Nyumba imekuwa kimya sana, nasikia tu tupa.

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo nimefanya kazi mchana kutwa. Nilitaka midomo ya matundu ilingane vizuri na gasketi ya manifoldi, ile karatasi ya kuzibia pale mabomba ya hewa yanapofungwa kwenye hedi, kama video inavyofundisha: lalisha gasketi juu, chora kando ya shimo kwa kalamu ya wino mzito, kisha kula chuma mpaka kwenye mstari. Gasketi mpya nilikatiwa Embu na yule fundi anayekaa nyuma ya steji na karatasi yake na nyundo. Nilimpelekea hedi yenyewe, akagongagonga juu yake, ikatoka. Safi kabisa.

Nimechora. Nimekula chuma. Tundu la tatu lilikuwa na nyama nyingi upande wa chini, nikalifuatilia mpaka mstari ukaisha wote. Mabega yananiuma. Mikono inanuka mafuta ya taa hata baada ya sabuni. Lakini yanang'aa! Ningependa mzee ayaone.

Jumapili, 3 Agosti 2025

Sijaenda kanisani.

Asubuhi nilikunja lile gunia la Laare nikakuta chini yake kipande cha gasketi ya zamani, ile ya kiwandani, iliyoraruka. Shimo moja limebaki zima. Nikaliweka juu ya gasketi yangu, kujiridhisha tu.

La zamani ni dogo. Dogo sana. Langu limelizidi pande zote, na upande wa chini limeshuka kabisa.

Nikakaa chini. Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho kila mtu wa hapa anakijua: fundi wa gasketi hukata shimo pana makusudi. Afadhali karatasi iwe mbali kuliko izibe hewa. Hata mashimo ya bolti huyalegeza ili ikuingilie bila shida. Ni gasketi nzuri ya kuzuia hewa isivuje, basi. Haikukatwa iwe kipimo cha kitu. Yule Mzungu wa video gasketi yake imetoka kiwandani, ndiyo maana anaweza kuifuata. Mimi nimefuata nyundo ya mtu wa steji kama ramani! Fundi hana kosa. Hakuniambia nichore.

Matundu mengine yana chuma cha kutosha, nimeyapapasa. La tatu silijui. Nikaziba njia za maji kwa mpira wa tyubu na ubao, nikabana, nikamimina mafuta ya taa ndani yake, nikangoja nione kama yatatokea kwenye tundu. Mafuta ya taa hupenya hata pale maji yanaposhindwa.

Kwa muda mrefu hakuna kitu. Kisha nikaona tone. Dogo, kama jasho la pua. Nikalifuta. Halikurudi. Nikaenda kupika chai, nikarudi — lipo. Au ni lile nililomwaga wakati wa kumimina. Nikafuta tena, nikakaa nikalitolea macho mpaka macho yakauma. Hakuna.

Sijui. Hilo ndilo linaniua, kwamba sijui.

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Tone lipo. Halafu halipo.

Ofisini nimempa mtu faili ya mtu mwingine. Ntinyari amepiga, anauliza hedi inaendeleaje kwa sababu baba anauliza. Nikasema vizuri.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimeomba ruhusa nikasema naenda kung'oa jino, nikapanda mpaka Meru mjini kwa Gedi. Gedi ndiye aliyeniuzia valvu za Starlet. Ana duka la vipuri na nyuma yake kijana wa kuchomelea aluminiamu, na hajawahi kunidanganya.

Akaingiza kidole kwenye tundu, akakizungusha, akafumba macho. Kisha akasema ukuta ni mwembamba, ndugu yangu, mwembamba sana, na hapa pengine pana kitundu cha kuzaliwa, cha wakati wa kumimina chuma, ambacho umekifikia. Nikamwomba achomelee. Akakataa. Ukipiga moto hapo hedi yote inapinda, na kule ndani hata mkono haufiki. Akasema atanitafutia nyingine Nairobi, nimpe wiki mbili, pengine tatu.

Nikamwambia sina wiki tatu. Fundi wa Laare amengoja, mzee amengoja, miraa ya watu inabebwa na magari ya wengine.

Gedi akaniuliza, "Mwenye gari anajua?"

Nikaangalia pembeni. Akasema, "Basi mwambie kwanza. Mimi hedi nitakutafutia, walahi, hata ukinipigia usiku. Lakini mwambie kwanza."

Nikanunua gundi ya chuma, ile ya mirija miwili. Akanipa, lakini akasema hiyo yeye huwauzia watu wa matangi, si mahali penye moto na petroli. Nikamwambia nimeelewa. Nimeelewa kabisa, na nimeinunua.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Nimepaka. Nimeacha ikauke juani siku nzima, nikailainisha kwa msasa mpaka huwezi kujua. Nimemimina mafuta ya taa tena. Hakuna tone. Nimengoja. Hakuna.

Kwa hiyo ni sawa. Watu wengi hufanya hivi. Nimesoma mtandaoni kuna waliofanya hivi na gari zao zinatembea mpaka leo.

Kwa nini basi sijapiga simu Laare kusema? Kwa sababu mzee hakunipenda mimi. Alipenda mkono wangu. Ukitoa huo mkono anabaki na karani wa Embu anayetafuna majani.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Laare. Tumefunga hedi, mimi na yule fundi wao, na Njura akitushikia vitu. Njura ndiye dereva wa Hilux. Ameiendesha tangu Ntinyari akiwa shule ya msingi, alikuwa akimpeleka shule siku za mvua. Mtu mpole, anaongea na gari kama mtu na ng'ombe wake, "tulia, tulia mama".

Ilipowaka niliona nywele zikinisimama. Mlio mtamu! Mzee akaingia, akaipandisha ule mlima wa nyuma ya soko, ikaenda bila kulia. Aliporudi alishuka akinipiga mgongoni mpaka nikakohoa. Akawaambia majirani, "Huyu wa Embu, mnamwona? Huyu ana mkono." Ntinyari alikuwa mlangoni ameshika sufuria, akinitazama kwa namna ambayo nimeitamani tangu nimjue.

Nilifurahi. Siwezi kuandika uongo hapa. Nilifurahi sana, na sahani nikairudisha imejaa.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Hakuna simu kutoka Laare. Kimya ni kizuri.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Kimya. Ofisini wananiuliza kama jino limepona. Jino gani?

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Ntinyari amepiga, tumeongea mambo mengi — nguo za siku ile, shangazi yake anayetaka kupanga kila kitu. Katikati akasema, hivi tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba siku hizi Hilux inakunywa maji. Njura anaongeza maji kwa rejeta kila asubuhi. Na ikiwashwa asubuhi inatoa moshi mweupe kidogo. Baba anasema rejeta imezeeka.

"Ni kawaida?" akaniuliza.

Nikasema ni kawaida. Hedi ikifunguliwa injini huchukua muda kuzoea. Injini kuzoea! Sijui nimetoa wapi hayo. Akasema sawa. Kisha akasema sawa tena.

Haikushika. Ile gundi haikushika, au imebanduka kipande. Maji yanavutwa kidogo kidogo kwenye tundu la tatu na kuchomwa, yanatoka moshi. Bado kidogo. Lakini ufa haujawahi kurudi nyuma.

Nimempigia Gedi. Hedi imepatikana, lakini haitafika kabla ya tarehe ishirini na tatu. Akaniuliza tena lile swali lake. Nikamwambia simu inakata.

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Jana Hilux ilizima mlimani ikiwa na mzigo. Injini imechemka. Miraa ilikaa juani mpaka gari lingine likaja, imenyauka, wanunuzi wameikataa. Wakulima waliokuwa wameweka mzigo humo wamekuja kwa mzee kupiga kelele.

Mzee ameangalia rejeta, imekauka. Akamgeukia Njura. Ati hakujaza maji asubuhi. Njura akasema alijaza. Mzee akasema kama ulijaza yako wapi? Maji hayana miguu. Mbele ya watu wote hao. Akamnyang'anya ufunguo. Miaka yote hiyo, ufunguo umetoka kwa mkono wa Njura kwa sababu ya kidole changu.

Ntinyari ndiye aliyenisimulia. Alikuwa analia. Anampenda Njura kama mjomba. Akasema, "Lakini mimi nilimwona akijaza, Gachoki. Nilikuwa napiga mswaki, nikamwona. Au ilikuwa siku nyingine?"

Hapo ningesema. Mdomo ulifunguka. Nikasema pole.

Jumanne, 19 Agosti 2025

Nimempigia mzee. Nimeapa nitasema leo, nikatoka nje ya ofisi, nikasimama kando ya ukuta pale wanapoegesha baiskeli.

Akapokea kwa furaha. Muga, muga muthoni, salamu ya kwao. Nikasema mzee, kuna jambo kuhusu gari. Akanikata: najua, umesikia vile Njura ameniharibia kazi yako? Kazi nzuri hivyo, mtu anashindwa kumwaga maji tu. Usife moyo, kijana. Fundi amebadilisha kifuniko cha rejeta, sasa naendesha mwenyewe polepole na naijaza mwenyewe. Kisha akaniuliza wazee wetu watakuwa wangapi ili ajue mbuzi.

Ananifariji! Mimi!

Nikamwambia idadi ya wazee.

Jumatano, 20 Agosti 2025

Leo Njura amenipigia. Nilidhani amejua.

Hakuwa na neno hilo. Amesikia tunakuja Jumamosi na amefikiria jambo: sisi wa Embu tutatoa wapi miraa? Siku kama hiyo wazee huleta kifurushi maalumu, ncoolo wanakiita, na kinafungwa kwa majani ya mgomba. Baba wa msichana akikifungua akatafuna, amekubali. Akikiweka kando, mrudi kwenu. Njura akasema, "Msinunue zile za barabarani, mtachekwa mpaka kaburini. Nitakukatia mimi mwenyewe kwa miti ya zamani, ile ya babu."

Nikamuuliza kwa nini ananisaidia. Akashangaa swali. Akasema unamwoa mtoto wangu, si ndiyo?

Nimefunga mlango wa nyumba nikalia. Mtu mzima.

Ijumaa, 22 Agosti 2025

Mama amefika kutoka Kibugu na shangazi Gladys, wamelala huku ili tuondoke mapema. Mama ameshona nguo mpya. Amenitazama akasema nimekonda, akacheka, ati mapenzi.

Nimeamua hivi. Nikisema kabla, wazee wote wamesafiri bure na mama anaaibika mbele ya watu wa Meru. Kwa hiyo mzee akishafungua kile kifurushi, akishatafuna, neno la ndoa limeisha, halirudi. Hapo namwita kando namwambia yote. Hedi nyingine inakuja kwa Gedi, nitaifunga mwenyewe, bila kuigusa kwa tupa. Na Njura arudishiwe ufunguo.

Akitafuna tu, nasema.

Jumamosi, 23 Agosti 2025

Asubuhi. Tunaondoka. Mvua ndogo. Shangazi Gladys anaimba. Mungu nisaidie nisiwe mwoga leo.

Jumamosi hiyo hiyo

Niko chooni kwa Mzee Kaimenyi, naandika kwa simu. Nimewaambia ni tumbo.

Ametafuna. Njura alitukabidhi kifurushi pale chini barabarani, kimefungwa vizuri, na mzee wetu akakiweka mezani kwa heshima. Mzee Kaimenyi akakifungua polepole, akanusa, akachagua kijiti kimoja, akatafuna huku akitutazama. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama yangu akalia. Ntinyari aliletwa na dada zake akakaa karibu nami, akanishika mkono chini ya meza.

Mzee akasema miraa hii ni ya miti mizee, nani amewafundisha kuchagua, nyinyi watu wa majani? Nikasema ni Njura. Akatikisa kichwa. "Huyo macho anayo. Ni akili ya maji tu hana." Watu wakacheka sana. Njura alikuwa pale kwa moto akigeuza nyama. Yeye pia alicheka.

Hapo ndipo nilipaswa. Nilijiwekea mwenyewe: akitafuna, nasema. Alitafuna. Nikakaa. Nilikuwa nimepata kila kitu nilichotaka, na nikaona kwamba sasa ndiyo sitaki kusema hata zaidi.

Nilipoenda kunawa mikono Njura akanifuata. Akaniomba nimsemee kwa mzee, kwa kuwa sasa mimi ni wa nyumbani. Si kwa sababu ya kazi, akasema, ni ile kuitwa mwongo. Kisha akainamisha kichwa. "Lakini nimefikiria sana, Gachoki. Labda ni kweli nilisahau. Nakumbuka nikijaza asubuhi ile, naliona jagi, lakini labda ni asubuhi nyingine. Umri umeenda. Pengine afadhali nisiendeshe watu tena."

Nikamwambia hukusahau. Akasema asante kwa kunipa moyo.

Nimemfanya mtu asiamini macho yake mwenyewe. Ningemwibia shamba ingekuwa afadhali.

Sasa haya mengine. Dereva wa gari tuliyokodi amesema ana watu wa harusi Meru, ametuacha. Mzee akakataa kabisa tutafute nyingine. Mama ya muthoni hawezi kurudi kwao kama mzigo wa watu. Hilux iko, imepumzika, itawapeleka mpaka Runyenjes. Wanawake mbele, wazee nyuma kwenye viti, na turubai kwa ajili ya mvua. Kila mtu akapiga makofi. Kisha akatoa ufunguo akaninyooshea mbele ya wazee wa pande zote mbili. "Mkono ulioitengeneza ndio uiendeshe."

Nimeupokea. Uko mfukoni, nausikia kwenye paja. Ni milima yote kutoka hapa, na mama yangu ndani.

Naweza kwenda polepole. Naweza kusimama kila mahali niongeze maji. Naweza kufika. Pengine inafika. Au nitoke hapa niseme, mbele ya wote, maana sasa hakuna tena kando.

Kupitia ufa wa mbao naiona. Mama ameshaingia, ameweka mkoba magotini, anawapungia watu mkono. Wazee wanapandishwa nyuma. Njura amefungua boneti, anajaza rejeta kwa jagi, taratibu. Amemaliza lakini hafungi kifuniko. Anamwita mzee. Namsikia hadi hapa: "Mzee, kuja uone. Imejaa. Angalia wewe mwenyewe kabla sijafunga." Mzee ameangalia, ameitikia. Anamwita na fundi, na yeye aone. Anamwita na Ntinyari.

Ntinyari ameinama juu ya injini. Ametazama jagi tupu, kisha maji yaliyojaa, kisha ile hedi. Mkono wake uko begani kwa Njura.

Sasa ameinua kichwa. Hatazami gari tena. Anatazama huku.

Anakuja.